Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Historia ya Keezo na Chombo cha Mpingo

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya katiba, uchaguzi na haki za raia wa nchi zetu jirani. Leo nakuomba tutoke ukumbini twende karakanani. Usihofu, kabla hatujaagana utaona kwamba hatukuiacha mada yetu ya uraia. Tumeiendea kwa njia nyingine tu.

Muhula uliopita nilikuwa nafundisha kidato cha tatu vitenzi vya kazi za mikono: kusuka, kufuma, kufua, kufinyanga, kuchonga, kukereza. Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono: “Mwalimu, kuchonga na kukereza vina tofauti gani?” Nilimjibu kwa haraka, kama tunavyofanya sisi walimu tunapotaka kengele itukute tumemaliza somo. Nikamwambia kwamba kukereza ni namna ya kuchonga tu, nikaendelea na neno lililofuata.

Jioni jibu lile likanisumbua. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wa watu jambo nisilolijua. Jumamosi nikaenda kwa seremala mmoja mzee aliye karibu na shule yetu, ambaye hutengeneza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Nikamwuliza swali lile lile. Hakunicheka. Alifunga kipande cha mti kwenye mashine yake, akaiwasha, akaegemeza patasi juu ya kipande kile kilichokuwa kikizunguka, na maranda yakaanza kuruka kama utepe. Kisha akasema: “Mwalimu, kwenye kuchonga mti unatulia, mkono unatembea. Hapa mti ndio unaotembea, mkono unatulia.”

Jumatatu nilirudi darasani nikalisahihisha kosa langu mbele ya wanafunzi wote. Makala haya ni mwendelezo wa masahihisho hayo.

Tuanze na neno lenyewe

Kukereza, basi, ni kukipa kitu umbo la mviringo kwa kukizungusha huku ukikikata kwa chombo chenye makali. Mashine inayokizungusha kitu hicho huitwa keezo, na wingi wake ni makeezo. Anayefanya kazi hiyo ni mkerezaji. Zingatia kwamba mfinyanzi naye anaweza kutumia gurudumu, lakini yeye huuinua udongo laini kwa vidole. Mkerezaji hana cha kuinua. Yeye hupunguza tu, na akikata zaidi ya kiasi, hawezi kurudisha alichokikata.

Lugha ina neno kwa sababu watu wake walikuwa na jambo la kulitaja. Ukitembelea Lamu, katika pwani ya Kenya, utaona vitanda vya kale ambavyo miguu yake ni ya kukereza, yenye vifundo na mabonde yaliyopangwa kwa ulinganifu. Mafundi wa pwani waliifanya kazi hiyo kabla umeme haujafika kwao. Waliizungusha kwa upinde na kamba.

Keezo lilitoka wapi?

Picha ya kale zaidi ya keezo inayotambuliwa na wanahistoria imo barani mwetu. Katika kaburi la kuhani Petosiris, mahali paitwapo Tuna el-Gebel nchini Misri, kuna mchoro wa ukutani uliochongwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Unaonyesha watu wawili wakiwa kazini. Mmoja anavuta kamba iliyozungushwa kwenye mti, kwanza huku, kisha kule. Mwenzake ameshika chombo cha kukatia. Tangu mwanzo, basi, kazi hii ilihitaji ushirikiano: mmoja wa kuzungusha, mwingine wa kukata.

Baadaye upinde ulimwezesha fundi kufanya kazi peke yake. Aliizungusha kamba ya upinde kwenye mti, akauvuta upinde kwa mkono mmoja na kukata kwa mkono wa pili, mara nyingi akiisaidia patasi kwa vidole vya mguu. Keezo la namna hii lilitumika katika nchi nyingi za Asia na Afrika ya Kaskazini, na mpaka leo mafundi wa masokoni katika baadhi ya miji ya Moroko hulitumia.

Huko Ulaya katika karne za kati, mafundi waliifunga kamba kwenye ufito mrefu uliokuwa juu ya vichwa vyao na kuishusha hadi kwenye kikanyagio. Fundi alipokanyaga, mti ulizunguka kumwelekea naye akakata. Alipoinua mguu, ufito ulijinyoosha na mti ukarudi nyuma. Hivyo mikono yote miwili ilikuwa huru. Hata hivyo, nusu ya mzunguko ilikuwa ya bure, kwa kuwa mti unaporudi nyuma haukatiki.

Dawa ya upungufu huo ilikuwa gurudumu zito linaloendelea kuzunguka kwa kasi yake lenyewe. Miongoni mwa michoro ya Leonardo da Vinci wa Italia, iliyochorwa mwishoni mwa karne ya 15, umo mmoja wa keezo lenye kikanyagio na gurudumu la aina hiyo. Karne zilizofuata zikaleta nguvu ya maji, ya mvuke na hatimaye ya umeme. Mashine ya yule mzee jirani yetu inaendeshwa kwa mota na mkanda, lakini kanuni yake ni ile ile ya kaburini kwa Petosiris.

Jinsi chombo chenye uvungu kinavyokerezwa

Sasa, msomaji, nataka uone kwa macho ya akili jinsi kipande cha gogo kinavyogeuka kuwa mtungi mdogo wa mapambo, wenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Tuseme gogo letu ni la mpingo.

Kwanza, ujue ugumu wa mti wenyewe. Mpingo ni mti mzito mno. Mita moja ya ujazo ya kiini chake huwa na uzito wa kilo 1,200 hivi, ilhali maji ya ujazo huo ni kilo 1,000. Ukikitupa kipande cha mpingo kisimani, kitazama. Nje ya gogo kuna tabaka la rangi ya manjano iliyofifia, na ndani mwake ndimo mlimo na kiini cheusi au cha zambarau iliyokoza. Kiini hicho ndicho kinachotafutwa.

Mpingo haukaushwi kwa pupa. Maji yake hutoka polepole sana, na yakitoka upesi mahali pamoja, mti hupasuka. Kwa hiyo fundi hupaka nta kwenye ncha za kipande ili unyevu usikimbilie huko, kisha hukiweka kivulini kwa muda mrefu. Kwa vipande vinene, muda huo huhesabiwa kwa miaka. Hapa ile methali ya haraka haraka haina baraka haina upinzani.

Kipande kikishakauka, hufungwa kwenye keezo kikiwa kimeshikwa ncha zote mbili. Fundi hutumia bobari, yaani patasi iliyopinda kama mfereji, kuondoa pembe zote mpaka kipande kiwe mviringo kamili. Chini yake huacha kishina kifupi. Kishina hicho ndicho kinachoingia katika taya za mashine wakati ncha ya pili inapoachwa huru ili ichimbwe.

Hatua ya pili ni umbo la nje. Fundi hupanua tumbo, hubana shingo, hukunja mdomo. Kazi hii inaonekana, na kosa lake linaonekana vilevile. Fundi huzima mashine mara kwa mara, akarudi nyuma hatua mbili, akakitazama chombo kwa mbali kama mwalimu anavyoutazama mwandiko ubaoni.

Hatua ya tatu ndiyo yenye mtihani mkubwa. Fundi hutoboa tundu moja katikati kwa keekee, mpaka karibu na kitako. Kisha huingiza ndani ya tundu hilo chombo chembamba kilichopinda ncha, akaanza kukata kutoka katikati kuelekea kwenye ubavu. Haoni anachokikata. Mdomo wa chombo ni mwembamba, na ndani ni giza na vumbi. Humbidi asikilize. Kadiri ubavu unavyopungua unene, sauti hubadilika. Mkono nao huhisi mtetemo unaobadilika. Baada ya kila mkato kidogo, fundi husimamisha mashine, huondoa maranda yaliyojazana ndani, na kupima unene kwa bikari yenye miguu iliyopinda. Milimita chache zikibaki, anatakiwa ajue pa kukomea. Akipitiliza kwa mkato mmoja, kazi ya siku nzima hupasuka mikononi mwake.

Katika miaka ya 1970 Mmarekani David Ellsworth alijulikana kwa vyombo vya namna hii, vyenye kuta nyembamba sana na mdomo mdogo, alivyovichimba kwa vyuma vilivyopinda alivyojitengenezea. Kazi yake iliwafanya watu wengi wauone ukerezaji kuwa sanaa inayostahili kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Ilipoanzishwa jumuiya ya wakerezaji wa Marekani mwaka 1986, yeye alikuwa rais wake wa kwanza.

Hatua ya mwisho ni kusugua kwa msasa, kuanzia wa chenga kubwa hadi wa chenga ndogo, kisha kupaka mafuta au nta. Mpingo una mafuta yake wa asili na chembe zake zimeshikamana mno, kwa hiyo hung’aa karibu kama jiwe. Mwishowe chombo hukatwa kutoka kwenye kishina chake. Nikukumbushe jambo la usalama: vumbi la mpingo huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Fundi mwenye busara hufunika pua na mdomo, na hulinda macho yake.

Wafalme, pembe na miti yetu

Huenda ukauliza: chombo cha mapambo kina uhusiano gani na historia ya watu wetu? Uhusiano ni mkubwa, na si wote wa kufurahisha.

Kuanzia karne ya 16, ukerezaji ulikuwa burudani ya watawala wa Ulaya. Katika mji wa Dresden nchini Ujerumani, watawala wa Saxony waliajiri wakerezaji wa kifalme, na wengine walijifunza kazi hiyo wao wenyewe. Vyombo vyao, vyembamba kama ganda la yai na vyenye minara juu ya minara, vimehifadhiwa huko hadi leo. Kaizari Peter Mkuu wa Urusi alikuwa na karakana ya makeezo, akisaidiwa na fundi wake Andrei Nartov. Mwaka 1701 Charles Plumier, mtawa wa Ufaransa, alichapisha kitabu kizima kuhusu sanaa hiyo. Kuelekea mwisho wa karne ya 18, familia ya Holtzapffel ikaanza kuuza jijini London makeezo ya mapambo ambayo matajiri waliyaweka majumbani mwao.

Keezo la mapambo lilikuwa na ujanja wa ziada. Lilikuwa na sahani yenye matundu mengi yaliyopangwa kwa duara. Fundi aliweza kukisimamisha chombo katika kila tundu kwa zamu, akakikata kwa wembe mdogo uliokuwa ukizunguka wenyewe. Matokeo yake yalikuwa maua, nyota na mawimbi yaliyolingana kwa hesabu. Mapambo hayo hayawezi kukaa juu ya mti laini, kwa sababu chembe zake humeguka. Yanahitaji kitu kigumu kinachokubali mkato mdogo bila kubanduka. Vitu viwili vilisifiwa kuliko vingine: pembe za ndovu na mpingo wa Afrika.

Tusimame hapo kwenye pembe za ndovu. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vilizihitaji kwa vitufe vya piano, vipini vya visu, vitana na mipira ya biliadi, ambayo ilikerezwa moja moja. Pembe za Afrika ya Mashariki zilipendwa kwa kuwa ni laini kuchongeka na hazipasuki upesi. Misafara iliingia bara kutoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji na mbele yake. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Lakini biashara ya pembe ilitembea pamoja na biashara ya watumwa, na njia zile zile zilipitisha mateso ya watu waliotekwa makwao. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza.

Sisi wa Uganda hatukuwa watazamaji wa mbali. Yapata mwaka 1844, katika utawala wa Kabaka Suuna II, wafanyabiashara kutoka pwani walifika Buganda wakitafuta pembe. Mwanawe, Mutesa I, aliweza kuzungumza Kiswahili. Kwa hiyo unaposoma makala haya, ukumbuke kwamba lugha unayojifunza iliingia kwetu katika mzigo mmoja na pembe za ndovu. Leo katiba yetu, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inaitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Haifai kuionea aibu historia hiyo, wala haifai kuificha. Lugha haina hatia ya mzigo iliofika nao, lakini msemaji wake anapaswa kujua mzigo huo ulikuwa nini.

Hivyo chombo kizuri kilichopo ndani ya kabati la kioo huko Ulaya kina sehemu mbili za historia. Sehemu moja ni ustadi wa aliyekikereza, na jina lake mara nyingi limeandikwa. Sehemu ya pili ni ya waliobeba malighafi yake, na majina yao hayakuandikwa.

Mti unaokatwa na mti unaopandwa

Pembe sasa zimepigwa marufuku katika biashara ya kimataifa. Mpingo umebaki. Mti huu humea katika nchi kavu za Afrika, kuanzia Senegal hadi Eritrea na kushuka hadi kusini mwa bara, lakini mbao zinazouzwa nje hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Watanzania huuheshimu kama mti wao wa taifa. Wamakonde huuchonga vinyago vinavyojulikana dunia nzima. Viwanda vya ala za muziki huukereza na kuutoboa ili kupata klarineti na obo, ambazo ni ndugu wa mbali wa zumari yetu. Ukizitazama vizuri, klarineti nayo ni chombo cha mti chenye uvungu, kilichotoka kwenye keezo.

Tatizo ni muda. Mpingo hukua polepole mno. Mara nyingi hutajwa kwamba huhitaji miaka 70 hadi 100 ili ufae kuvunwa. Shina lake ni jembamba, limepinda na lina nyufa, hivyo sehemu kubwa ya gogo hupotea katika upasuaji. Anayeukata leo anavuna mti ulioota kabla bibi yake hajaolewa. Asipopanda mwingine, mjukuu wake hatakuwa na cha kuvuna.

Hapa ndipo inapoingia habari ninayopenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Alikuwepo Mtanzania mmoja, Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea kutoka Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Aliona mpingo ukipungua, akaanza kuotesha miche yake na kuwafundisha watoto wa shule kufanya hivyo. Kazi yake ilionyeshwa katika filamu moja kuhusu mti huo. Huko Texas, Marekani, mkerezaji wa mapambo aitwaye James Harris aliitazama filamu hiyo. Yeye alikuwa akiutumia mpingo katika kazi zake, na kwa mara ya kwanza aliuona mti wenyewe na mtu anayeuotesha. Akamwandikia. Mwaka 1996 wakaanzisha pamoja mradi wa kuuhifadhi mpingo, wakerezaji wa nchi za mbali wakichangia fedha na watu wa Kilimanjaro wakipanda. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, miche iliyopandwa, ya mpingo na ya aina nyingine, ilivuka milioni moja. Chuwa alifariki mwaka 2014. Mipingo aliyoipanda bado ni michanga. Yeye alijua tangu mwanzo kwamba hataivuna.

Kusini mwa Tanzania, wilayani Kilwa, jambo la aina nyingine lilitendeka. Kwa miaka mingi magogo yaliondoka vijijini na fedha zikabaki kwa wafanyabiashara na kwa mamlaka za juu. Kijiji kilichoulinda mti kilipata kidogo mno. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 ilivipa vijiji nafasi ya kutenga misitu yao, kuisimamia na kubaki na mapato yake. Kwa msaada wa shirika lijulikanalo kwa kifupi kama MCDI, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipima misitu yao na kupanga kiasi cha kuvuna. Mwaka 2009 misitu hiyo ikaingia katika cheti cha FSC, ambacho humhakikishia mnunuzi kwamba mti haukuvunwa kwa uharibifu. Sasa kijiji ndicho kinachopatana bei, na mkutano wa wanakijiji ndio unaoamua fedha zitumike wapi.

Sheria za kimataifa nazo zilifuata. Tangu Januari 2017, karibu jamii yote ya miti ambayo mpingo ni mmoja wao imewekwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mzigo unaovuka mpaka unahitaji kibali. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa sharti hilo, kwa sababu wanamuziki walikuwa wakipata tabu kusafiri nazo. Magogo na mbao havikusamehewa.

Funzo kwa raia

Msomaji wangu, nilikuahidi kwamba hatutaiacha mada ya uraia. Tazama tulipofika. Tulianza na swali la mwanafunzi kuhusu kitenzi kimoja, tukafika kwenye umiliki wa ardhi, mapato ya kijiji na mkataba wa mataifa. Hakuna kilichojitenga. Seremala, mwanakijiji, mwanasheria na mwanamuziki wanashika gogo moja, kila mmoja kwa upande wake. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za raia ni sheria anayoijua, mkutano anaouhudhuria na swali analothubutu kuliuliza.

Wapo wanaosema kwamba miti ni kazi ya serikali, na wengine kwamba soko likiachwa litajirekebisha. Mimi naona mfano wa Kilwa unatujibu. Serikali ilitunga sheria, lakini sheria ilikaa kwenye karatasi mpaka wanakijiji walipoingia msituni kuhesabu miti yao. Soko lilikuwepo siku zote, lakini halikumlipa mwenye mti mpaka mwenye mti alipopata haki ya kukataa. Uganda nayo ina mivule inayoondoka kwa malori usiku na mchana. Je, kijiji chako kinajua kinamiliki nini?

Methali niliyoiweka juu ya makala haya huwahusu mabaharia: ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana yake ni kwamba kila kizuri unachokiona kina mikono iliyokifanyia kazi. Mpingo hauelei, lakini methali yaufaa. Siku utakapokishika chombo cheusi kinachong’aa, jiulize nani alikikereza, kisha uendelee kuuliza: nani alilibeba gogo lake, nani alilipwa, na nani amepanda badala yake.

Msamiati

Bobari: patasi yenye makali yaliyopinda kama mfereji.
Bikari: chombo chenye miguu miwili cha kupimia au kuchorea duara.
Keekee: chombo cha kutobolea mti au chuma.
Kishina: sehemu fupi inayoachwa chini ya kazi ili ishikwe na mashine.
Maranda: vipande vyembamba vinavyotoka mti unapokatwa au kupigwa randa.
Mpagazi: mtu aliyebeba mizigo katika misafara.
Uvungu: uwazi ulio ndani ya kitu.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa sentensi zako tofauti kati ya kuchonga, kufinyanga na kukereza. Taja kitu kimoja kinachotokana na kila kazi.
2. Kwa nini fundi hutegemea masikio yake anapochimba ndani ya chombo chenye mdomo mwembamba?
3. Kiswahili kilifika Buganda pamoja na biashara ya pembe. Je, asili hiyo inapaswa kubadilisha namna tunavyoitumia lugha hii leo? Toa sababu.
4. Waulize wazee wa kijiji chako kuhusu mti mmoja uliokuwa mwingi zamani na sasa ni adimu. Andika aya mbili kuhusu mti huo: ulitumika kwa kazi gani, na nani alinufaika ulipokatwa.

Ukishaandika, soma mbele ya wenzako. Na mwalimu wako akikujibu kwa haraka, mwulize tena kwa adabu. Mimi niliulizwa, na nashukuru.